Umedhulumiwa na huna wakili: kuifikisha jinai mahakamani ukiwa Rujewa

Kila mavuno yakianza na fedha ya mpunga ikaonekana hapa Mbarali, yaani Ubaruku, Igawa na Rujewa mjini, maswali ni yale yale. Nimepigwa kilabuni. Gunia zangu zimetolewa ghalani. Mifugo imelishwa kwenye majaruba yangu usiku. Sina fedha ya wakili, naanzia wapi?

Wakili huhitaji. Watu wengi wanaoshindwa kesi zao za jinai hawashindwi kwa kukosa wakili. Wanashindwa kwa sababu walichelewa kuripoti, walipoteza ushahidi, walitoa maelezo nusunusu, au siku ya kesi walikuwa shambani. Yote hayo unaweza kuyazuia mwenyewe.

## Kesi ni ya nani?

Kuna njia mbili.

Ya kwanza ni ya polisi. Unaripoti, wanapeleleza, na shauri linafunguliwa kwa jina la Jamhuri. Ibara ya 59B ya Katiba inampa Mkurugenzi wa Mashtaka mamlaka ya kufungua, kuendesha na kusimamia mashtaka ya jinai nchini. Kwa hiyo mwendesha mashtaka unayemwona mahakamani analipwa na Serikali, na wewe ni shahidi, mara nyingi yule wa kwanza. Huna mamlaka ya kumwelekeza, lakini una haki ya kumwona na kumpa unachokijua.

Ya pili ni kwenda moja kwa moja Mahakama ya Mwanzo na kulalamika mwenyewe mbele ya hakimu. Hapo wewe ndiye mlalamikaji: unaeleza, unaleta mashahidi, unamuuliza maswali mshtakiwa. Kila kitu ni kwa Kiswahili. Njia hii inafaa makosa ya ukubwa wa kawaida, yaani wizi mdogo, shambulio, matusi, kuharibu mali, kuingia kwa jinai. Mauaji, ubakaji na unyang'anyi wa kutumia silaha usiyapeleke huko. Hayo ni ya polisi tangu dakika ya kwanza.

## Kabla hujatoka nyumbani: ni jinai kweli?

Hapa ndipo watu wanapopoteza nauli. Si kila dhuluma ni jinai.

- Umemkopesha mtu gunia za mpunga, akaahidi kulipa akishauza, hakulipa. Hilo ni deni, na deni ni shauri la madai. Polisi si wakusanya madeni.
- Mtu amejiita mnunuzi wa kampuni fulani kumbe siye, akakupa stakabadhi ya kughushi na kupakia mzigo. Huyo alidanganya tangu mwanzo. Hiyo ni jinai ya kujipatia mali kwa udanganyifu.
- Jirani amesogeza mpaka na mnagombania nani mwenye eneo. Huo ni mgogoro wa ardhi. Ukimshtaki kwa kuingia kwa jinai wakati umiliki wenyewe una utata, mahakama itakuambia mkamalize kwanza suala la ardhi.
- Ng'ombe wamekula mpunga. Hili linataka maelezo zaidi.

Katika bonde la Usangu ugomvi wa wakulima na wafugaji ni wa miaka mingi, na kila upande una manung'uniko ya kweli. Sheria inauliza jambo moja: je, ilikuwa makusudi? Ng'ombe waliokata kamba na kupita shambani wanakupa haki ya kudai fidia kwa njia ya madai. Mchungaji aliyeonekana akiwaswaga kuingia ndani ya jaruba, akaonywa na akaendelea, huyo anaweza kushtakiwa kwa kuharibu mali kwa makusudi. Kwa hiyo aliyemwona mchungaji ana thamani kubwa kuliko picha mia za mpunga uliolala. Mtafute huyo kwanza.

## Saa za mwanzo

Kesi hujengwa au hubomoka hapa. Fanya haya, kwa kadiri ya tukio lako:

1. Kama umeumia na hali ni mbaya, nenda hospitali kwanza. Ndugu mmoja aende polisi kufuata PF3, ile fomu ya polisi namba 3 ambayo daktari hujaza majeraha yako. Kama unaweza kutembea, pita kituoni uichukue ndipo uende kutibiwa. Fomu hii hailipiwi. Daktari akishaijaza, piga picha nakala yako kabla ya kuirudisha.
2. Usisafishe. Shati lenye damu usilifue. Mlango uliovunjwa usiurekebishe kabla polisi hawajauona. Kama usalama unakulazimisha kuufunga, piga picha kwanza.
3. Toa taarifa kwa jirani wa karibu na kwa mwenyekiti wa kitongoji siku hiyo hiyo, ukitaja jina la unayemtuhumu. Umuhimu wa hili nitaurudia chini.
4. Shamba likilishwa, mwite mtendaji wa kijiji na afisa kilimo wa kata wafanye tathmini. Iandikwe: ukubwa wa eneo lililoharibiwa, mpunga ulikuwa umefikia hatua gani, hasara inakadiriwa kiasi gani. Waweke sahihi na tarehe. Ukisubiri wiki mbili mpunga ukachipua tena, hasara yako itabaki ya kusimulia tu.
5. Kama ni utapeli wa simu, usifute ujumbe wala kubadilisha simu. Omba taarifa ya miamala kwa wakala au kampuni ya simu mapema. Namba ya tapeli itume kwenda 15040, kisha nenda polisi. Kutuma huko peke yake hakufungui kesi.

Na onyo: usimpige mtuhumiwa. Kijana wa bodaboda akikamatwa na pikipiki yako, umati ukamwangukia, wewe uliyepiga yowe unaweza kulala mahabusu kabla yake. Raia anaruhusiwa kumkamata mtu aliyemwona akitenda kosa kubwa, lakini baada ya hapo kazi yake ni kumkabidhi kwa polisi bila kuchelewa.

## Kituoni

Ukifika kituo cha polisi, au kwa polisi kata kama ndiye aliye karibu, eleza tukio kwa mtiririko: siku, saa, mahali, nani, alifanya nini, nani aliona. Taarifa yako itaandikwa katika kitabu cha taarifa na utapewa namba, ambayo watu wote wanaiita RB. Usiondoke bila hiyo namba.

Nunua daftari dogo. Andika humo:

- namba ya RB na tarehe uliyoripoti
- jina na cheo cha askari aliyekupokea
- jina na simu ya mpelelezi aliyepewa jalada
- kila ulichokabidhi, hata kama ni panga lililoachwa uani
- kila tarehe uliyoitwa na kilichosemwa

Daftari hilo litakufaa baada ya miezi sita, mpelelezi wa kwanza atakapokuwa amehamishiwa wilaya nyingine na mpya hajui habari yako.

Wanawake na watoto waliofanyiwa ukatili wana Dawati la Jinsia na Watoto. Una haki ya kuomba kuzungumza faragha badala ya kaunta, mbele ya watu waliokuja kufuata mambo yao.

## Maelezo yako ndiyo kesi yenyewe

Mpelelezi atakuandikia maelezo na kukutaka uweke sahihi. Watu wengi huharakisha hapa, wanasaini, wanaondoka. Miezi baadaye mahakamani wanasema jambo ambalo halimo kwenye maelezo, na upande wa pili unalishika hilo kwa mikono miwili.

Omba usomewe yote kabla ya kusaini. Kilichoandikwa vibaya kirekebishwe papo hapo. Kama hujui kitu, sema hujui. Usiongeze chumvi ili kesi ionekane nzito: aliyepigwa kofi mbili akasema alipigwa kwa rungu, PF3 itamuumbua.

Kama tukio lilikuwa usiku, tulia hapa, kwa sababu kesi nyingi za vijijini zinakufa kwa jambo hili moja. Tangu shauri la Waziri Amani la mwaka 1980, Mahakama ya Rufani imeshikilia kwamba utambuzi wa macho, hasa katika mazingira magumu, haufai kutegemewa mpaka uwezekano wote wa kukosea uwe umeondolewa. Haitoshi kusema "nilimtambua". Sema:

- mwanga ulitoka wapi: mbalamwezi, taa ya sola, tochi ya nani, na ulikuwa mkali kiasi gani
- alikuwa umbali wa hatua ngapi
- ulimwona kwa muda gani
- mlikuwa mkifahamiana kabla, na kwa vipi
- alivaa nini, alisema nini, sauti yake unaijuaje

Pia uliwahi kumtaja lini? Mahakama ya Rufani imesema mara nyingi kwamba shahidi anayemtaja mtuhumiwa mapema iwezekanavyo anaaminika zaidi, na anayekaa kimya siku kadhaa bila sababu anautia shaka ushahidi wake mwenyewe. Ndiyo maana nimesema mwambie jirani na mwenyekiti jina siku hiyo hiyo. Hao nao watakuwa mashahidi.

Kwa mali iliyoibwa, taja alama zake kabla hujaonyeshwa. Pikipiki ina namba ya chasisi, ng'ombe ana chapa au sikio lililokatwa, pauatila ina pale ulipochomelea mwaka juzi. Ukionyeshwa kwanza ndipo ukataja alama, wakili wa upande wa pili atasema ulizisoma pale pale. Stakabadhi ya kununulia ipo? Ilete. Haipo? Mlete aliyekuuzia.

## "Wamemkamata asubuhi, jioni nimemkuta sokoni"

Hakuna lalamiko linalokuja mara nyingi kama hili, na mara nyingi watu wanahitimisha kuwa rushwa imetembea. Inawezekana. Lakini pia inawezekana ni sheria tu. Dhamana ni haki ya mtuhumiwa kwa makosa mengi, na polisi hawaruhusiwi kumweka mtu ndani wanavyotaka: msingi ni saa 24. Zaidi ya hapo, marekebisho ya sheria ya mwaka 2022 yanataka upelelezi ukamilike kabla mtu hajafikishwa mahakamani, isipokuwa kwa makosa mazito. Kwa hiyo mtu wako anaweza kuonekana mtaani wiki kadhaa na jalada bado liko hai.

Muulize mpelelezi maswali matatu: amedhaminiwa au ameachiwa kabisa? Anaripoti lini tena? Ni nini kimebaki kwenye upelelezi, na ninaweza kusaidia wapi? Swali la mwisho lina nguvu kuliko kelele. Mara nyingi jibu ni shahidi ambaye hajafika kuandika maelezo, na huyo shahidi ni shemeji yako.

Akikutishia akiwa nje kwa dhamana, ripoti upya. Kumtishia mtu kwa vurugu ni kosa linalojitegemea, na masharti ya dhamana yanaweza kuangaliwa tena.

## Jalada likilala

Panda ngazi kwa utaratibu, ukiwa na daftari lako mkononi: mpelelezi, mkuu wa kituo, mkuu wa upelelezi wa wilaya, kisha mkuu wa polisi wa wilaya (OCD). Usianze na Mbeya kwa Kamanda wa Mkoa. Utarudishwa Rujewa kuulizwa kama OCD anajua. Andika barua fupi ya ukurasa mmoja yenye namba ya RB, tarehe na unachoomba. Omba nakala yako igongwe muhuri wa kupokelewa. Barua yenye muhuri hujibiwa kuliko maneno ya koridoni. Ngazi nyingine ni Ofisi ya Taifa ya Mashtaka, ambayo ndiyo inayopitia majalada na kuamua nani ashtakiwe.

Ukiombwa fedha ya mafuta ya gari, ya karatasi, ya "kuwezesha upelelezi", huduma hiyo hailipiwi. Piga 113, TAKUKURU, bila malipo. Najua jibu la wengi: nikilalamika, kesi yangu itafungiwa kabatini. Hofu hiyo ina msingi. Ila aliyekuomba wewe elfu ishirini atamwomba mtuhumiwa laki moja, na kwenye mnada huo wewe ndiye mwenye mfuko mdogo.

## Kwenda mwenyewe Mahakama ya Mwanzo

Kama kosa ni la kawaida na polisi hawalishughulikii, au hukutaka kupita huko, nenda Mahakama ya Mwanzo yenye mamlaka mahali tukio lilipotokea. Kwa wakazi wa mjini ni ile ya Rujewa. Lalamiko la jinai halitozwi ada kama kesi ya madai. Unaweza kulitoa kwa mdomo, likaandikwa, ukaweka sahihi au dole gumba. Hakimu akiona kuna msingi, ataagiza mtu huyo aitwe au akamatwe.

Nenda na:

1. jina kamili la mtuhumiwa na kitongoji anachoishi. "Yule Msukuma wa kule bondeni" hapelekewi wito
2. tarehe, saa na mahali
3. majina ya mashahidi walioona kwa macho yao
4. PF3, tathmini, picha, stakabadhi, chochote ulicho nacho

Adhabu ya kifungo katika Mahakama ya Mwanzo kwa kawaida haizidi miezi 12. Kama unaona aliyokutendea ni mazito kuliko hapo, pita njia ya polisi ili shauri liende Mahakama ya Wilaya ya Mbarali. Huko pia sheria inamruhusu raia kulalamika kwa hakimu, na hata kuomba ruhusa ya kuendesha mashtaka binafsi. Lakini ruhusa si ya lazima kutolewa, na Mkurugenzi wa Mashtaka anaweza kulichukua shauri na hata kulifuta. Kwa mtu asiye na wakili mimi siishauri njia hiyo.

Lalamiko liwe la kweli. Kutoa taarifa ya uongo kwa ofisa wa umma ni kosa, na mtu uliyemsingizia anaweza kukugeukia kwa madai.

## "Yeye ana wakili, mimi sina"

Zamani mawakili hawakuruhusiwa kabisa Mahakama ya Mwanzo. Tangu marekebisho ya mwaka 2021 wanaweza kuingia pale ambapo shauri linasikilizwa na hakimu mkazi, kwa hiyo unaweza kumkuta. Usibabaike. Kazi yake kubwa ni kukuuliza maswali ili ujikanganye. Jibu ulichoulizwa, kwa ufupi, na ukishajibu nyamaza. Akikuuliza jambo usilolikumbuka, sema hulikumbuki. Wala usijaribu kushindana naye kwa namba za vifungu: toleo la sheria zilizorekebishwa lililoanza kutumika Julai 2025 limepanga upya namba nyingi, hata wenyewe wanapekua.

Ukitaka mtu wa kukuandikia barua au kukuelekeza bure, ulizia wasaidizi wa kisheria wanaotambuliwa chini ya Sheria ya Msaada wa Kisheria ya mwaka 2017. Ofisi ya maendeleo ya jamii ya halmashauri inawajua. Jihadhari na wale wanaokaa karibu na mahakama wakidai wana "njia" kwa hakimu.

## Wazee wakitaka yaishe nyumbani

Kwa matusi, kofi la kilabuni au ugomvi wa majirani, kupatana si aibu. Mahakama yenyewe inaruhusiwa kuhimiza suluhu kwa makosa madogo ya namna hiyo. Iandikwe, ilipwe mbele ya mtendaji, na hakimu au polisi waambiwe. Kosa ni kupokea ng'ombe wawili kimyakimya kisha kuacha kwenda mahakamani.

Ubakaji na ukatili kwa mtoto hauna kikao cha ukoo. Mama anayeambiwa anyamaze ili binti asiaibike aende kituoni siku hiyo hiyo, binti akiwa hajaoga wala kubadili nguo, au nguo zikiwa zimewekwa kwenye mfuko wa karatasi. Kama siku zimepita, aende vilevile. Ushahidi wa mwathirika mwenyewe ukiaminika unaweza kutosha kumtia mtu hatiani. Kwa mtoto, namba 116 hupigwa bure.

## Siku ya kusikilizwa

- Fika mapema, hata kama umeambiwa saa tatu. Mlalamikaji asipotokea bila sababu, shauri linaweza kufutwa, na mshtakiwa ataondoka akitabasamu.
- Ukiwa na msiba au ugonjwa, mtume mtu kwa karani na uthibitisho kabla ya jina lako kuitwa.
- Shahidi anayesitasita, omba mahakama imtumie samansi. Akiwa na samansi hawezi kulaumiwa na upande wa pili kwamba alijipendekeza kuja.
- Usikae na mashahidi wako mkipanga maneno. Wakitoa maelezo yanayofanana neno kwa neno, hakimu atajua.
- Sema uliyoyaona na kuyasikia mwenyewe. Aliyoyaona jirani, ayaseme jirani.

Kesi ikiahirishwa, andika tarehe mpya kabla ya kutoka chumbani. Itaahirishwa, tena pengine mara kadhaa, na kama tarehe inaangukia wakati wa kupandikiza, panga vibarua mapema.

## Hukumu ikisomwa

Mtu akitiwa hatiani, sema wazi kwamba unaomba fidia, na uwe na hesabu: gharama za matibabu, thamani ya gunia, tathmini ya shamba. Ibara ya 107A ya Katiba inaitaka mahakama kutoa fidia ipasavyo kwa watu waliopata madhara kutokana na makosa ya wengine, lakini hakimu hawezi kukisia kiasi ambacho hukukitaja. Ukikosa hapo, mlango wa kesi ya madai haujafungwa.

Akiachiwa na Mahakama ya Mwanzo, mlalamikaji anaweza kukata rufaa Mahakama ya Wilaya ndani ya siku 30. Omba nakala ya hukumu siku hiyo hiyo. Kama ilikuwa kesi ya Jamhuri, rufaa ni ya Mkurugenzi wa Mashtaka, kwa hiyo muone mwendesha mashtaka wiki ile ile umuulize kama watakata.

Mali yako iliyotumika kama kielelezo, pikipiki, simu, gunia, hairudi yenyewe. Omba amri ya kurudishiwa itajwe kwenye hukumu, kisha uende na nakala ya amri hiyo kituoni kuichukua. Kagua uzima wake kabla ya kusaini kitabu.